Wiki ya Thelathini na Moja

Baba alinunua wiki, hakununua nyumba.
Wiki moja kati ya hamsini na mbili,
Jumamosi jioni hadi Jumamosi asubuhi,
chumba 214, ziwa liko kushoto
ukichungulia sana.

Walikuwa wamefuata paja la nguruwe.
Tangazo lilisema: sikiliza dakika tisini, uondoke nalo bure.
Baba alishasimama, kofia kichwani, paja kwapani.
Ni Bibi Vlasta, mama mkwe wake, aliyegoma kitini,
akasema kwa Kicheki, kisha kwa Kiingereza
ili muuzaji naye asikie:
"Ladislav, watoto watakukumbuka kwa lipi? Kwa mahindi?"

Akatia sahihi. Bei ya trekta kuukuu.

Basi kila mwaka, Julai ikiisha,
tuliiacha Nebraska usiku, madirisha wazi,
tukaingia Missouri na jua.
Mkataba ulisema watu sita. Tulikuwa kumi na mmoja.
Watoto tulipanda kwa ngazi za nyuma, wawili wawili,
tukifundishwa kusema "tumekuja kusalimia tu."
Mjomba Emil alilala ndani ya beseni la kuogea
na mto wake wa manyoya, akidai mgongo umepona.
Mama alisimama jikoni siku zote saba:
"Likizo ya nani hii?"
Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunakula.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe letu lilikuja kwa posta, kila Januari:
ada ya matunzo.
Kwanza dola mia mbili. Sasa elfu moja mia nne,
na Baba yuko makaburini Wilber, hajibu barua.

Alituachia watatu, sawa kwa sawa.
Wiki haigawanyiki kwa tatu, jaribu uone:
siku mbili na saa nane kila mmoja,
nani achukue saa nane za usiku?
Darlene, bila kuuliza, aliwahi kuibadilisha
kwa wiki ya Meksiko, akatutumia picha ya miguu yake mchangani.
Krismasi ile viazi vilizunguka meza
bila mtu kusema "nipitishie."
Royce hulipa, ila hulipa Aprili, na faini nalipa mimi.
Mke wake anasema urithi unaodai si urithi, ni deni lenye bwawa la kuogelea.
Nacheka. Kisha sicheki.

Mwanasheria ametuandalia karatasi ya kukataa.
Sahihi tatu, basi, wiki inarudi kwa kampuni
kama chupa tupu dukani.
Tumekuja nayo. Iko mezani, chini ya bakuli la sukari.

Lakini sinki linavuja, na fundi ni kesho,
nikapiga magoti na tochi, nikafungua kabati la chini.
Huko ndiko Mama alikotupima kwa penseli,
kwa siri, maana ukuta haukuwa wetu:
Royce 1989. Darlene 1989. Mimi, kidole kimoja chini yao.

Sikuwahi kutazama upande wa pili wa ubao.
Kwa kalamu ya buluu: Orrin, wiki ya 19.
Kwa rangi ya kucha: pacha wa Hollis, wiki ya 40, wamelingana.
Mtu wa Februari alipima mbwa wake.
Mama wangapi walipiga magoti hapa,
wakiiba inchi chache za mbao
zisizo zao?

Nikawaita. Darlene alikuja na miwani,
Royce na taulo la kuzuia maji.
Tulibanana watatu pale chini, watu wazima, viuno vikilia,
na Whit, mwana wa Royce, ambaye tangu jana
hajainua uso kwenye simu,
akaingiza kichwa katikati yetu, akauliza
huyu Orrin aliacha kukua mwaka gani.

Hatukujua.
Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sufuria.
Whit akaenda kutafuta penseli.